Svalbard, Abisko au Juneau? Kabla hujaomba mafunzo ya uwandani Aktiki

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa shangazi, alinitumia picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ni dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu baharini. Ya pili ni wanafunzi waliopiga magoti kwenye tope, wamevaa vyandarua vya usoni, wanachomeka mirija ardhini. Chini yake akaandika: "Dada, niende wapi?"

Anasoma sayansi ya udongo, yuko mwaka wa pili, na mwalimu wake amemhimiza aombe mafunzo ya uwandani Aktiki, ule ukanda wa baridi unaozunguka Ncha ya Kaskazini, mwakani. Nilianza kumjibu kwa mstari mmoja, nikaufuta. Swali lake wananiuliza wengi, na kila mara naona watu wanachagua kwa picha: dubu, taa za kaskazini (zile rangi zinazocheza angani usiku), hema jekundu kwenye theluji. Kisha wanafika, wanakuta somo si lao, au majira si yao, au viza imewakwamisha Oslo. Kwa hiyo nimeamua kuandika kwa kirefu.

Nalinganisha sehemu tatu. Mbili nimezipitia: Svalbard nilikaa nusu mwaka, kuanzia Januari hadi Juni, na Abisko nilikaa wiki chache za kiangazi. Ya tatu, Juneau, nimewasindikiza wenzangu kwenye maandalizi na kuwasikiliza waliporudi.

Mahali penyewe

Svalbard ni funguvisiwa la Norwei, katikati ya ncha ya juu ya bara la Ulaya na Ncha ya Kaskazini. Mji wake mkuu, Longyearbyen, uko latitudo 78. Toka Oslo ni kama saa tatu za ndege kuelekea kaskazini. Hapo ndipo kilipo UNIS, kituo cha elimu ya juu kilichoanzishwa mwaka 1993, chenye idara nne: biolojia, jiolojia, jiofizikia na teknolojia, zote za Aktiki, na zote zinafundishwa kwa Kiingereza. UNIS haitoi shahada. Lazima uwe umesajiliwa kwenye chuo chako, uende pale kusoma kozi, kisha krediti zako zirudi kuhesabiwa kwenu.

Abisko ni kijiji kidogo kaskazini kabisa mwa Uswidi, latitudo 68, kando ya ziwa Torneträsk, kama kilomita 200 kaskazini mwa mzingo wa Aktiki. Kituo chake cha utafiti kimekuwa kikiandika hali ya hewa tangu mwaka 1913. Si chuo, ni kituo. Kozi zinaletwa na vyuo, hasa Chuo Kikuu cha Umeå, ambacho kina kitengo chake cha utafiti wa athari za tabianchi palepale. Na kitu ambacho wengi hawakitarajii: unafika kwa treni. Reli iliyojengwa kusafirisha madini ya chuma kutoka Kiruna hadi bandari ya Narvik inapita mlangoni.

Juneau iko Alaska, latitudo 58, kwa hiyo kijiografia haimo ndani ya Aktiki. Naiweka hapa kwa sababu wanafunzi wengi wanaotafuta "shule ya barafu" wanaikuta, na kwa sababu programu yake ya utafiti wa uwanda wa barafu, iliyoanza miaka ya 1940 chini ya mwanasayansi wa barafu Maynard Miller, ni ya wiki kama nane za kuishi juu ya barafu yenyewe. Kwa kawaida mnaanzia upande wa Juneau, mnavuka kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kambi baada ya kambi, na mnatokea Atlin, Kanada.

Unataka kupima nini?

Hapa ndipo nilipoanzia na mdogo wangu, na ndipo ninapotaka nawe uanzie. Weka picha kando. Mikono yako itakuwa inafanya nini saa nane mchana, siku ya kumi na tano?

Svalbard, kama uko kwenye kozi ya majira ya baridi, mikono yako itachimba theluji kusoma tabaka zake, itatoboa barafu ya bahari kupima unene na chumvi, itashika kamba mkiingia kwenye pango lililochongwa na maji ndani ya barafuto. Barafuto ni ile mito ya barafu inayoteremka milimani polepole sana, na zaidi ya nusu ya ardhi ya Svalbard imefunikwa nayo. Wa jiofizikia wana kitu ambacho ni nadra duniani: katikati ya usiku mrefu wa baridi, juu ya mlima Breinosa, wanaweza kutazama taa za kaskazini adhuhuri. Giza ni totoro hata saa sita mchana, kwa hiyo zile taa zinazotokea upande wa mchana wa dunia, ambazo kwingine hufichwa na jua, pale zinaonekana. Kama swali lako linahusu anga, bahari iliyoganda, maporomoko ya theluji, au jinsi ya kujenga nyumba na bomba juu ya ardhi iliyoganda, usihangaike kutafuta kwingine.

Abisko ni habari ya uhai na udongo. Kama kilomita kumi mashariki mwa kijiji kuna kinamasi kiitwacho Stordalen. Pale nilipewa chuma chembamba, kirefu kupita kiuno changu, chenye mpini wa kushikia. Unakisimamisha wima, unakisukuma ardhini. Kinapita kwenye majani na mboji laini kama unachoma keki, halafu ghafla, sentimita kadhaa chini, ngo! Kama umegonga sakafu ya saruji. Hiyo ni barafu ya udongo, ambayo haijayeyuka mwaka baada ya mwaka. Unaweka kidole usawa wa ardhi, unachomoa, unasoma kina, unaandika, unasogea hatua moja. Nilifanya hivyo mara nyingi nikiwa juu ya kilima kidogo cha mboji chenye moyo wa barafu. Nilipofika ukingoni, nikasukuma, na chuma hakikugonga kitu. Kilizama hadi mpini. Palikuwa pameyeyuka. Hatua mbili mbele kilima kilikuwa kimedidimia na kuwa dimbwi, na kwenye dimbwi mapovu yalikuwa yanapanda moja moja. Mapovu ya aina hiyo hubeba methani, gesi yenye kaboni. Yale niliyoyasoma darasani kuhusu kaboni inayotoka ardhini niliyaelewa pale, mkono ukiwa kwenye mpini.

Kwa Mwafrika Mashariki hilo si jambo la mbali. Vinamasi vya bonde la Kongo vina mboji inayokadiriwa kuhifadhi tani bilioni 30 hivi za kaboni, na dunia ilipata ramani yake ya kwanza ya kina mwaka 2017 tu. Anayejifunza Abisko kupima gesi inayotoka kwenye kinamasi anarudi na ufundi unaotumika Kongo, Uganda au Kagera. Vifaa ni vilevile. Tofauti ni barafu.

Juneau ni barafuto, mchana na usiku. Mnachimba mashimo ya theluji yenye kina cha meta kadhaa, mnakata vipande, mnavipima uzito, mnajua theluji kiasi gani iliongezeka msimu huo. Vipimo vya barafuto la Taku vimeendelezwa hivyo tangu miaka ya 1940. Taku ni nene karibu meta 1,500, na kwa miongo mingi lilikuwa likisonga mbele wakati majirani zake wakirudi nyuma. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 nalo likaanza kurudi.

Kama ni barafuto linalokuvuta lakini huna wiki nane wala ubavu wa ski, kuna kituo cha Tarfala, hukohuko kaskazini mwa Uswidi, chini ya mlima Kebnekaise. Wanapima barafuto la Storglaciären tangu msimu wa 1945/46, na ndio mfululizo mrefu kuliko yote duniani usiokatika wa aina hiyo. Ninapouona mchoro wa mfululizo ule, nalikumbuka barafuto la Lewis kule Mlima Kenya, nalo limepimwa kwa vipindi tangu miaka ya 1930, na Kilimanjaro, iliyopoteza karibu asilimia 85 ya barafu yake kati ya 1912 na 2007. Sisi tuna barafu inayokwisha mbele ya macho yetu na watu wachache mno waliofunzwa kuipima.

Majira yanabadilisha kila kitu

Wengi wanauliza "Svalbard au Abisko?" kabla ya kuuliza "mwezi gani?" Longyearbyen ya Januari na Longyearbyen ya Julai ni miji miwili tofauti.

Nilitua Januari. Jua halikuwepo. Si kwamba lilikuwa na mawingu. Halikuwepo kabisa, na halikuwa limeonekana tangu mwishoni mwa Oktoba. Wiki ya kwanza niliona raha ya ugeni. Wiki ya tatu nilikuwa ninalala kwa muda wa saa kumi na kuamka nimechoka. Mwenzangu kutoka Tromsø, kaskazini mwa Norwei bara, alinifundisha: amka saa ileile kila siku hata kama hakuna darasa, toka nje adhuhuri hata kama ni giza, kula na watu. Tarehe 8 Machi mji mzima ulikusanyika kwenye ngazi za hospitali ya zamani. Hospitali yenyewe haipo tena, ngazi ndizo zimebaki. Watoto walikuwa wamejipaka rangi ya njano usoni, wakaliita jua kwa sauti, na mwanga ukagusa ngazi zile. Nilijikuta nalia pamoja na watu nisiowajua.

Kuanzia tarehe 20 Aprili hivi hadi zaidi ya katikati ya Agosti, jua halitui tena. Saa zetu za Kiswahili tunazihesabu tangu kuchomoza kwa jua. Huko hesabu hiyo inapotea. Mei nilimpigia mama, nikamwambia huku ni saa nne usiku, akaliona jua limejaa dirishani nyuma yangu, akanyamaza, kisha akauliza taratibu: "Sasa mwanangu unalala saa ngapi?" Beba kitambaa cha kufunika macho.

Kwa Waislamu, zungumza na shehe wako kabla ya kuondoka kuhusu swala, na kama Ramadhani itakukuta huko, kuhusu funga. Wapo wanaofuata nyakati za Makka, wapo wanaofuata mji wa karibu wenye usiku na mchana. Ukifika na jibu moyoni, unapunguza dhiki.

Abisko jua la usiku ni fupi kidogo: mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai. Kijiji kiko nyuma ya milima inayozuia mvua, kinapata kama milimita 300 tu kwa mwaka, kwa hiyo anga hufunguka mara nyingi. Kiangazi nilivaa sweta mchana na koti jioni, basi. Kwa mtu ambaye hajawahi kuona baridi kali, huo ni mlango mwepesi wa kuingilia.

Juneau ni majira ya joto, lakini usidanganyike na neno hilo. Ni pwani ya mvua. Wenzangu walisema baridi waliivumilia, ila kulowana siku tano mfululizo ndiko kulikowachosha.

Viza: soma hapa mara mbili

Jambo hili linawaangusha watu wetu kuliko baridi, na wenzetu wa Ulaya hawawezi kukuonya kwa sababu hawalijui.

Kwa utaratibu wa Norwei unaotokana na Mkataba wa Svalbard uliotiwa saini mwaka 1920, visiwa vile haviombi viza wala kibali cha kuishi kwa mtu wa taifa lolote, mradi uweze kujitegemea. Ukisikia hivyo unafurahi. Lakini ndege inapita Oslo au Tromsø, na huko ni eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Svalbard yenyewe iko nje ya Schengen. Maana yake: unaingia Schengen unapotua Oslo, unatoka unapopanda ndege ya Longyearbyen, na unaporudi unaingia upya. Unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na tarehe zake lazima zifike hadi siku ya kurudi. Viza ya kuingia mara moja inakufikisha Svalbard na kukuacha huko bila njia halali ya kutokea.

Mimi ilinikuta. Viza yangu ilitoka ya kuingia mara moja, nami nilikuwa nimefurahi mno kuipata hata sikuisoma. Niliiona siku tisa kabla ya safari. Nilirudi kupanga foleni, nikaeleza, nikapeleka barua ya kozi upya, nikabadilisha tiketi kwa pesa niliyokopa kwa mjomba. Nilitua siku mbili kabla ya mafunzo ya usalama kuanza. Ningeyakosa, nisingeruhusiwa kwenda uwandani hata siku moja. Kwa hiyo andika kwenye barua yako ya maombi, wazi kabisa, kwamba Svalbard iko nje ya Schengen na unahitaji kuingia mara mbili au zaidi. Na viza ikitoka, isome palepale dirishani kabla hujaondoka.

Abisko ni rahisi hapa: iko ndani ya Schengen moja kwa moja. Kozi ya kiangazi isiyozidi siku 90 inatosha kwa viza ya muda mfupi. Ikizidi, unaomba kibali cha kuishi Uswidi.

Juneau ndiyo nzito kuliko zote. Unahitaji viza ya Marekani, na kwa sababu safari inaishia Atlin, unahitaji ya Kanada pia. Masharti ya Marekani kwa pasipoti za Afrika yamekuwa yakibadilika mara kwa mara. Angalia hali ya sasa kabla hujalipa chochote kisichorudishwa.

Fedha

Norwei ilianza kutoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2023, na Uswidi ilianza mwaka 2011. Kwa hiyo usiamini mtu anayekwambia "huko elimu ni bure" bila kuuliza: bure kwa nani, na kwa njia ipi? Waulize UNIS kwa barua pepe hali yako wewe, kwa uraia wako na chuo chako. Kwa Uswidi, ukiomba mwenyewe kutoka nje ya Ulaya kuna ada ya maombi ya krona 900 juu ya ada ya kozi. Ukienda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, ada ya masomo hulipi. Ndiyo maana mlango wa kwanza wa kubisha ni ofisi ya uhusiano wa kimataifa chuoni kwenu. Vyuo vya Tanzania na Uganda vina uhusiano wa miaka mingi na vyuo vya Norwei na Uswidi, na mpango wa Ulaya wa Erasmus unagusa Afrika pia. Mara nyingi nafasi ipo na hakuna aliyeiomba.

Maisha Longyearbyen ni ghali kwa sababu karibu kila kitu kinaletwa kwa meli au ndege. Nyanya niliziangalia tu. Nilipika dengu, wali na samaki wa kugandishwa, na nilikuwa nimebeba pilipili, binzari na iliki kutoka nyumbani, na kama ningeambiwa nirudie safari ile ningebeba mara mbili. Abisko unalipa kidogo zaidi ya bei za kawaida za Uswidi, ila muda ni mfupi. Juneau unalipa programu nzima kwa mkupuo. Wana misaada ya kifedha, iombe pamoja na fomu, usingoje baadaye.

Bima usiibanie pesa. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo na mgonjwa mahututi hupelekwa Tromsø kwa ndege. Hakikisha bima yako inataja usafiri huo wa dharura.

Nguo, na mguu wangu wa kushoto

Longyearbyen mwezi Februari ni kawaida kukuta nyuzi 15 chini ya sifuri. Upepo wa meta kumi kwa sekunde ukiongezeka, ngozi inahisi kama ni 27 chini ya sifuri. Namba hizi ukizisoma Dar hazisemi kitu. Ngoja nikueleze mguu.

Siku ya kwanza ya uwandani nilivaa soksi za pamba ndani ya soksi za sufu, kwa kudhani nyingi ndiyo joto. Buti zikabana. Nikatembea, nikatoka jasho, pamba ikalowa. Tulipokaa kupima, vidole viwili vya mguu wa kushoto viliuma sana, kisha vikaacha. Nikashukuru Mungu vimeacha. Mwalimu wetu, mama mtu mzima, aliona ninavyokanyaga, akaniuliza kama navihisi. Nikasema haviumi tena. Alinikalisha, akanivua buti na soksi, vidole vilikuwa vyeupe kama nta. Akafungua koti lake, akainua sweta, akauweka mguu wangu tumboni kwake, akaushikilia hapo huku akiendelea kuwaelekeza wengine. Baada ya robo saa maumivu yalirudi kama sindano elfu. Akatabasamu, akasema: "Sasa uko salama."

Tangu siku ile: sufu mwilini, pamba hapana. Vazi la ndani la sufu, la kati la kushika joto, la nje la kuzuia upepo. Viatu vyenye nafasi ya kuchezesha vidole. Ukianza kutoka jasho, punguza nguo kabla hujalowa.

Huhitaji kununua vyote dukani Oslo. Mitumba ya Karume na Gikomba ina sweta na nguo za ndani za sufu ambazo watu wanazipita kwa sababu nani anazitaka kwenye joto lile? Soma lebo, tafuta sufu, hasa ya merino. Moshi na Arusha wanauza na kukodisha makoti na mabegi ya kulalia ya wapanda mlima. Vitu hivyo vinatosha kabisa kwa kiangazi cha Abisko. Kwa baridi ya Svalbard havitoshi, lakini kwa uwandani UNIS huwaazima wanafunzi ovaroli nzito za pikipiki ya theluji, buti na vifaa vya usalama. Uliza orodha kabla hujatumia pesa. Leseni ya udereva nayo uulizie, kwa sababu pikipiki ile haiendeshwi bila leseni.

Chukua penseli, wino huganda. Simu iweke ndani karibu na mwili, la sivyo betri inakufa ukiwa bado una asilimia arobaini.

Na kitu kidogo kilichonifariji: Longyearbyen watu wanavua viatu mlangoni, hata chuoni na kwenye baadhi ya hoteli. Desturi ilitokana na vumbi la makaa la wachimba migodi. Kwa mtoto wa Tanga, kuacha viatu kizingitini na kuingia na soksi ilikuwa kama kubisha hodi nyumbani.

Hatari ni tofauti, woga ni uleule

Svalbard ni dubu na theluji inayoporomoka. Nje ya makazi hutembei bila kifaa cha kumtishia dubu na, kwa kawaida, bunduki, ambayo kozi hukufundisha kuitumia. Lakini lengo la mafunzo ni usiitumie: unajifunza kuona mbali, kupanga zamu za ulinzi, kuondoka mapema. Tangu Januari 2025 sheria inataka ukae angalau meta 300 mbali na dubu, na meta 500 kuanzia Machi hadi Juni. Kwa hiyo yule anayeenda kwa ajili ya picha ya dubu, hiyo picha haipo, na ni vizuri haipo. Theluji nayo haichagui uwandani na mjini: tarehe 19 Desemba 2015 ilishuka juu ya nyumba za Longyearbyen na kuua watu wawili.

Juneau hatari ni mipasuko ya barafuto, mingine imefichwa na theluji laini juu yake. Wiki za mwanzo ni kamba, mafundo na kumvuta mwenzako aliyetumbukia, tena na tena, mpaka mikono ifanye yenyewe.

Abisko ni mbu. Hawana malaria, lakini ni wengi kiasi cha kukunyima akili. Na mito ya milimani: maji ni baridi na yanakwenda kasi kuliko yanavyoonekana. Zaidi ya hapo, ni mahali salama.

Basi nani aende wapi

Kama unasoma fizikia, uhandisi, jiolojia au hali ya hewa, una muhula mzima wa kutumia, na chuo chako kimekubali kuhesabu krediti: Svalbard, na uende Januari, si kiangazi. Giza na baridi ndivyo vinavyofundisha pale; kozi ya kiangazi ina thamani yake lakini mengi yake utayapata kwingine kwa bei ndogo.

Kama ni udongo, mimea, maji au kaboni, au kama hujawahi kutoka nje ya nchi na unataka kujijua kwanza: Abisko, bila kusita. Wiki chache, viza moja, treni, na kazi ya mikono kila siku. Inadharauliwa kwa sababu haina jina kubwa, na hilo linaniuma, maana sijaona mahali ambapo mwanafunzi anakabidhiwa vipimo halisi haraka kama pale.

Juneau nampeleka mtu mmoja tu: mwenye mapenzi ya barafuto yasiyo na shaka, mwili uliozoea kubeba mzigo siku nzima, na viza mbili mkononi. Mtoto wa Moshi au Nanyuki aliyekwisha panda milima na wapagazi anafaa kuliko wengi wanavyodhani.

Mdogo wangu nilimpigia badala ya kumwandikia. Nikamuuliza anataka kupima nini. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kueleza kinamasi cha mafunjo nyuma ya kwa bibi, Bukoba, jinsi maji yake yanavyotoa mapovu ukikanyaga ukingo, na kwamba tangu utotoni alitaka kujua ndani ya yale mapovu kuna nini. Aliongea dakika kumi bila kumtaja dubu. Wiki hii amepeleka jina lake ofisi ya uhusiano wa kimataifa chuoni kwao, kwa ajili ya Abisko.

Jana amenitumia picha ya tatu. Yuko barazani, jua la saa nane, amevaa glavu mbili mkono mmoja, penseli imefungwa kwa uzi kwenye daftari. Nilimwambia afanye mazoezi ya kuandika namba hivyo hadi zisomeke. Saba yake bado inafanana na moja.